Figo Hazingoji Mei

Jirani yetu Ilmari amelifunga lake tangu Oktoba.
Amelimwaga maji, amelitoa betri,
amelivika turubai kama maiti ya mfalme,
naye hunishangaa kutoka ng'ambo ya uzio:
"Aune, hata dubu wamelala. Lilaze na wewe."
Nami humjibu: dubu hawana miadi Rovaniemi.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Kilomita mia na thelathini kwenda,
na kurudi ni mbali zaidi,
kwa kuwa Taisto akishasafishwa damu
huwa mweupe kama sahani, na njiani
lazima tusimame alale.
Teksi ya serikali ipo. Dereva wake mpole.
Lakini teksi haina kitanda, haina beseni,
wala mlango wa kufunga mtu akitaka kulia.

Basi gari-nyumba letu halilali.

Miaka kumi na tisa alilitunza yeye.
Mimi nilikuwa abiria, mshika ramani na chupa ya chai.
Sasa nasoma mwandiko wake kwenye kipande cha boksi
kilichogundishwa ndani ya kabati la vikombe:

*Gesi iwe propeni tupu. Ile nyingine hugoma kwenye baridi.
Dizeli ya majira ya baridi. Usidanganywe na bei.
Breki ya mkono usiivute, itaganda. Weka gia.
Mpira wa mlango, glisirini.
Hita isizimwe.
HITA ISIZIMWE.*

Sikuielewa hiyo ya mwisho, kwa nini aiandike mara mbili,
mpaka Jumapili moja ya Januari nilipoizima
kwa kubana matumizi.
Usiku ule valvu ya tangi ilihisi baridi,
ikafunguka yenyewe, kama ilivyoumbwa kufanya,
ikamwaga lita themanini chini ya gari,
na asubuhi nikakuta magurudumu yamesimama ndani ya kioo.
Nililia kidogo. Machozi yakanata kwenye kope.
Kisha nikaenda kuleta shoka.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta;
asiyewasha hita hupasua barafu
huku mumewe yuko dirishani, blanketi mabegani,
anacheka mpaka anashika ubavu.
Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu msimu wa uyoga.
Nikapiga shoka polepole, nisimalize upesi.

Leo, saa kumi alfajiri, hasi thelathini na nne.
Nyota zimekaza kama misumari ya matairi yangu.
Waya unaopasha injini umekuwa fimbo;
nauchomoa, haukunjiki, nauegemeza ukutani
kama mtu anavyoegemeza jembe.
Kwenye kioo cha mbele kuna koti lake la sufi, la kuwindia,
nililolitandaza jana usiku kuzuia sakitu,
mikono yake nimeibana kwenye milango miwili,
kulia na kushoto,
hivyo kwa mbali ungedhani mtu amelikumbatia gari
na hataki liondoke.

Hilo halimo kwenye boksi. Nimeliongeza mimi, kwa penseli.

Nafungua mlango. Koti linabaki na umbo lake,
natembea nalo kwapani kama ubao.
Nageuza ufunguo. Injini inakohoa, inafikiri,
inakohoa tena, inakubali.
Huko nyumbani taa ya jikoni inawaka: ameamka,
anatafuta soksi ya pili, atanilaumu mimi.

Nafungua bomba la sinki.
Kimya.
Pampu inanguruma, naijua hofu ya sauti hiyo.
Hewa. Tone moja. Hewa tena,
mkoromo wa mzee anayetaka kusema neno,
halafu maji,
baridi ya kuuma meno, lakini maji.

Nakinga birika.